Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nyumba: Baraza Iko Wapi Kwenye Ramani?

Barua za mwezi huu zimetoka mbali na karibu, na karibu zote zinahusu nyumba mpya zinazoulizwa maswali na nyumba za zamani. Nimeanza na ile iliyonigusa zaidi, na jibu lake ni refu kuliko mengine.

SWALI: Shikamoo. Mimi na mume wangu tumenunua kiwanja Goba, cha mita 20 kwa 25, na tumelipia ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, yenye sebule kubwa, jiko la ndani na paa la kuficha. Nilipomwonyesha mama yangu, ambaye ameishi Magomeni tangu alipoolewa, aliigeuza karatasi mara mbili kisha akauliza: "Baraza iko wapi? Na uani tunapitia wapi?" Mume wangu anasema hayo ni mambo ya nyumba za zamani. Je, ni kurudi nyuma kutaka baraza na ua katika nyumba ya kisasa? *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mama yako ameisoma ramani hiyo vizuri kuliko wengi wanaoziuza, kwa sababu ameuliza mambo mawili yaliyoijenga nyumba ya mjini katika pwani yetu: mgeni anaishia wapi, na kazi za nyumbani zinafanyikia wapi.

Chukua nyumba ya Magomeni, Ilala au Temeke, ya aina ile ambayo hadi leo tunaiita nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza iliyoinuliwa kiasi cha kimo cha goti. Katikati unakata ukumbi mwembamba kutoka mlango wa barabarani hadi mlango wa uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyuma kuna ua uliozungushiwa ukuta, na humo ndimo lilimo jiko, stoo, bafu na choo. Nimekulia katika nyumba kama hiyo, na ninachokikumbuka kuliko vyote ni ukingo wa baraza yetu. Saruji yake ilikuwa imesuguliwa na kanzu na khanga za waliokaa hapo mpaka ikang'aa kama sahani, isipokuwa pembe moja iliyobaki na mikwaruzo ya mwiko wa fundi, kwa kuwa jua la saa tisa liliifikia na hapakukaa mtu. Jua ndilo lililoamua watu wakae wapi, na sisi watoto tulijua saa kwa kuangalia wazee wamesogea hadi wapi.

Umbo hilo halikuchorwa na msanifu mmoja, bali lilikomaa mikononi mwa mafundi. Kuta za mwanzo zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa udongo, chini ya paa la makuti lenye mteremko mkali. Makuti yakafuatiwa na madebe yaliyofumuliwa na kupigwa bapa, kisha mabati. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza uzalishaji mwaka 1966, tofali za saruji zikazidi kupatikana mjini, na wenye nyumba wakaanza kubomoa ukuta mmoja wa udongo na kuinua wa tofali mahali pale pale, chumba kwa chumba, wapangaji wakiwa ndani. Ngozi yote ya nyumba ilibadilika lakini mifupa yake ikabaki ile ile, jambo linaloonyesha kwamba mpangilio ule uliwafaa watu waliokuwa wakiishi humo. Baba mwenye nyumba alilala na familia yake katika vyumba viwili au vitatu, vilivyobaki akavipangisha, na kijana akioa alipewa chumba bila kuitikisa nyumba nzima.

Nyumba iliyo kwenye ramani yako ina ukoo mwingine. Wakati wa ukoloni mji uligawanyika kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na nyumba ya Uzunguni ilikuwa banglo, neno na umbo vilivyotokea Bengal, upande wa India, vikasambazwa na Waingereza kila walikotawala. Banglo ilisimama peke yake katikati ya bustani, sebule mbele, vyumba vya kulala pembeni, na kazi zote za moshi, majivu na kufua zilifanywa na watumishi waliokaa boi kota, nyuma ya nyumba. Baada ya uhuru umbo hilo liliendelea katika nyumba za maofisa wa serikali, na miji ilipopanuka likachukuliwa kuwa ndiyo sura ya maendeleo. Tatizo ni kwamba tuliichukua nyumba tukaiacha boi kota, lakini kazi zilizokuwa zikifanyikia huko tukabaki nazo. Bado tunakuna nazi, bado tunabandika sufuria la pilau la watu mia kukiwa na harusi au msiba, na gesi ikiisha usiku bado tunawasha mkaa. Pita mitaa mipya ya pembezoni mwa Dar es Salaam uangalie nyuma ya nyumba ambazo wenyewe wamehamia mwaka mmoja tu uliopita: utakuta kibanda cha mabati kimeegemezwa kwenye ukuta uliopigwa rangi nzuri, moshi ukipanda moja kwa moja kuelekea dirisha la chumba cha watoto. Kibanda hicho ni lile jiko la uani ambalo ramani ililikataa, likarudi bila kuombwa ruhusa.

Kwa hiyo mwambie baba watoto kwamba kutaka baraza na ua si kurudi nyuma. Nyumba ya kujijengea mwenyewe ina thamani yake kwa sababu inapimwa kwa maisha ya watu watakaoikaa. Kama ramani yako haijui kwamba mama yako atakuja kukaa wiki tatu, kwamba wageni wa mumeo hufika jioni, na kwamba wewe unapenda kuanika nguo mahali ambapo wapita njia hawazioni, basi hiyo ni nyumba ya mtu mwingine mnayotaka kuijenga kwa fedha zenu.

Nendeni kwa aliyewachorea kabla msingi haujachimbwa, maana kufuta mstari kwenye karatasi hakugharimu kitu. Mwambieni mlango wa jiko utoke moja kwa moja uani, mtu mwenye sufuria ya moto asilazimike kukatiza sebule. Jiko la nje lichorwe sasa, dogo lakini la tofali, lenye dohani na bomba la maji, upande ambao moshi wake hautaingia vyumbani. Baraza iwe na kina cha mita 1.8 angalau, ili mtu aliyekaa aweze kunyoosha miguu na mwingine apite mbele yake. Vibaraza vya mita moja ninavyoviona kwenye ramani nyingi vinatosha viatu tu. Juu yake paa litokeze vya kutosha kuifunika yote. Halafu kumbukeni ule ukumbi wa Magomeni wenye mlango mbele na mlango nyuma. Ulikuwa njia ya watu na njia ya upepo pia, na mkipanga milango na madirisha yakaelekeana, Kaskazi na Kusi zote mbili zitapita ndani bila kulipiwa umeme. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini kadiri kiwanja kinavyoruhusu, kwa sababu Dar es Salaam jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka chumba cha kulala magharibi kwa kupenda mandhari, na kwa miaka sita nimelala sebuleni kila Februari.

Kiwanja cha mita za mraba 500 kinayatosha yote hayo, mkikubali sebule ipungue kidogo. Umbali wa kuacha kutoka mpakani waulizeni halmashauri wakati wa kuomba kibali cha ujenzi, kwa maana ua lazima upatikane baada ya kutoa nafasi hiyo.

SWALI: Assalaam aleikum. Nilikwenda Lamu kwenye Maulidi, nikalala katika nyumba ya kale ya jamaa zetu. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba sana, na ukiingia kutoka nje unakunja kona ndipo uone ndani. Nataka kujenga Mombasa kwa mtindo huo. Je, wembamba ule una maana gani? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Wembamba ule ni urefu wa mti. Dari ya nyumba ya Lamu inabebwa na boriti za mikoko, na boriti moja haiwezi kuvuka zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi ikiwa imebeba mawe ya matumbawe, kokoto na chokaa juu yake. Fundi alikuwa huru kukirefusha chumba atakavyo, lakini upana aliupangiwa na msitu. Jahazi zilizobeba boriti kutoka Lamu na delta ya Rufiji zilizipeleka hadi Arabuni na Ghuba, kusiko na miti ya kujengea, ndiyo maana nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyenye upana wa aina hiyo hiyo. Bahari nzima ilijenga kwa kipimo kimoja.

Ile kona ina sababu nyingine. Mgeni anafika kwanza dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, anakaa, anaamkiwa; akipita anaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inageuka, ili jicho la barabarani lisifike kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana kwenda ndani, kila kimoja kikiwa cha faragha zaidi kuliko kilichotangulia, mpaka ndani kwenyewe, mahali pa wanawake wa nyumba, penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chokaa iliyochongwa. Kiwanda ndicho kinachoiletea nyumba mwanga na hewa, kwa kuwa kuta za nje zina unene wa karibu nusu mita na matundu machache. Unene huo hulipokea joto la mchana polepole, na usiku nyumba hupoa kupitia uwanja wa ndani.

Wewe unajenga kwa zege na nondo, kwa hiyo huna sababu ya kuuiga wembamba. Utakuwa unajivika kifungo ambacho wenyewe wangekivua kama wangeweza. Chukua kile cha thamani: daka, kona, kiwanda, dari ndefu. Hata kiwanda cha mita 3 kwa 4 katikati ya nyumba kitabadilisha hali ya hewa ya nyumba nzima, mradi sakafu yake iwe na mteremko na mfereji wa kutolea maji ya masika. Nakusihi pia usibandike boriti za mapambo chini ya slabu ya zege. Mti uliowekwa pasipo kazi haumheshimu fundi wa zamani, na mikoko ina kazi kubwa zaidi ikibaki ufukweni.

SWALI: Nimenunua ramani kwa simu, imekuja na picha nzuri za rangi. Je, fundi anaweza kuanza nayo? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Hapana, ndugu. Picha ya rangi inamwonyesha fundi nyumba itakavyopendeza; haimwambii nondo za milimita ngapi ziingie kwenye nguzo, wala msingi uende chini kiasi gani katika udongo wa kiwanja chako, na udongo wa Morogoro mlimani si ule wa bondeni. Mtafute msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, afike kiwanjani kwa miguu yake, airekebishe ramani hiyo au achore nyingine. Ikiwa ni ghorofa, mhandisi wa miundo hakwepeki. Kibali cha ujenzi kikitoka, omba orodha kamili ya vifaa na idadi yake kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Nimeona maboma mengi yakisimama kwenye linta miaka kumi kwa sababu mwenyewe alijua bei ya tofali lakini hakuwahi kuulizia bei ya kupaua.

SWALI: Nimejenga nyumba ya paa la kuficha hapa Dodoma. Mvua za Januari zilishusha jipsamu ya sebuleni, na kila mvua kuna doa jipya. Fundi anasema tuongeze silikoni. Bibi yangu aliishi kwenye tembe lenye paa bapa maisha yake yote. Kwa nini lake lilimudu na langu limeshindwa? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Swali lako ni zuri, kwa sababu Dodoma ndiyo nchi ya tembe, na Wagogo walijenga paa bapa kwa kuijua mvua yao. Dodoma hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, Dar es Salaam zaidi ya 1,000, na karibu yote ya Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Paa la tembe lilikuwa miti, juu yake matawi, juu yake udongo mzito ulioshindiliwa. Lilivuja nalo, lakini kila mwaka kabla ya mvua watu walipanda juu, wakaziba nyufa, wakaongeza udongo. Paa la bibi lilikuwa na ratiba ya kuhudumiwa, na paa lako, nadhani, halijapandwa na mtu tangu fundi ateremke.

Elewa kwanza kwamba paa la kuficha si paa bapa. Nyuma ya ule ukuta unaoonekana mtaani kuna bati la kawaida lililolazwa kwa mteremko mdogo, nalo linamwaga maji kwenye mfereji ulio *ndani* ya kuta zako. Katika paa la upenu, gata ikiziba maji humwagika nje na hasara ni tope tu. Hapa mfereji ukiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa darini. Fanya hesabu: paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50 katika saa moja, lita 6,000 zinafika kwenye mfereji huo. Kama fundi ameweka bomba moja la inchi 3, na majani mawili ya mwarobaini yamekaa mdomoni mwake, matokeo yake umeshayaona.

Silikoni si jibu. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku hadi ufa ufunguke tena. Mwite fundi mwingine, mpande wote wawili, muangalie mfereji wenyewe: uwe mpana kiasi cha mtu kuweka mguu na kuufagia, wenye mteremko unaoonekana, na mabomba mawili au zaidi. Chini kidogo ya ukingo wake wa juu toboeni ukuta wa kuficha paa, mweke mdomo wa dharura unaomwaga nje, ili siku mabomba yakiziba muone maji yakichuruzika ukutani kabla hayajafika darini. Kisha angalieni pale bati linapokutana na ukuta. Bati la kuzibia linatakiwa lichimbiwe ndani ya ukuta na kupigwa plasta, na si kupakwa gundi juu juu. Mwisho ni mgongo wa ukuta huo. Ukiachwa wazi hunywa maji kama sifongo, kwa hiyo ufunikwe kwa zege au bati lenye mteremko wa kuelekea ndani.

Sisemi kwamba umbo hili halifai. Soko la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli na ambalo lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, inayokusanya mvua katikati na kuishusha ndani ya nguzo. Hapo maji yalifikiriwa kwanza, sura ikafuata. Kwenye nyumba nyingi za sasa sura imetangulia, na njia ya maji imeachiwa fundi aitafute siku ya kupaua.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi naishi Muscat. Tumerithi nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Unguja, tukatuma fedha ikapigwa plasta mpya ya saruji. Haukupita mwaka, plasta inavimba na kubanduka, na kuna unga mweupe ukutani. Tumeibiwa saruji? *Msomaji, Muscat*

JIBU: Wa aleikum salaam, sheikh wangu. Huenda hamkuibiwa hata kilo. Saruji yenyewe ndiyo tatizo, na kadiri ilivyo nzuri ndivyo inavyodhuru zaidi. Ukuta wenu ni wa matumbawe na chokaa, vitu vyenye matundu madogo, na kwa siku zote unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikuwa ukitokea usoni mwa ukuta na kukauka kwa upepo. Plasta ya saruji imeufungia. Maji yanabaki nyuma yake, chumvi iliyomo kwenye matumbawe inakauka na kuwa fuwele, fuwele zinasukuma, plasta inabanduka, na huo unga mweupe ndiyo chumvi yenyewe. Nisilolipenda zaidi ni lile lisiloonekana: vichwa vya boriti vimechimbiwa ndani ya ukuta huo huo, na mti unaokaa majini huoza kuanzia kichwani.

Msiagize plasta nyingine. Ibanduliwe yote kwa mkono, bila nyundo kubwa, ukuta uachwe wazi ukauke kwa miezi kadhaa ya kiangazi, na chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu kila inapotokea. Kisha upigwe plasta ya chokaa, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke haraka, na rangi ya juu iwe ya chokaa pia, kwa sababu rangi ya mafuta itaufunga tena. Kabla ya kazi yoyote wasilianeni na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, kwa kuwa mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na matengenezo yake yanahitaji idhini. Ulizieni pia mafundi wanaoijua chokaa. Na siku plasta itakapobanduliwa, mmoja wa warithi awepo, achukue kisu kidogo na kukidunga kila kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani: kisu kikizama, boriti hiyo iwekewe nguzo chini yake siku hiyo hiyo, kabla mtu hajalala ghorofani.